Serikali Iitwayo Leta

Jumapili ya tatu ya Kwaresima, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, kijana mmoja alibaki nyuma kunisaidia kupanga mabenchi. Nilimfundisha zamani katika darasa la tano. Siku hizi ni mnunuzi wa madini. Huwafuata wachimbaji mpaka kwenye mashimo yao msituni, hupima kasiteriti kwa mizani ya kutundika, kisha husafirisha mifuko yake kwa pikipiki kuelekea Kindu. Tulipofika benchi la mwisho aliniuliza: "Mwalimu, kila Jumapili katika maombi ya waamini tunawaombea wakuu wa serikali. Je, tunaomba watusaidie, au tunaomba watuache?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi za fotokopi zilizoshonwa kwa uzi wa gunia. Kilikuwa kitabu kidogo cha Kifaransa, La Loi, alichokiandika Frédéric Bastiat mwaka 1850, mwaka ule ule aliofariki mjini Roma katika mkesha wa Noeli. Rafiki yake wa Kisangani ndiye aliyempa. Aliniomba nikisome kisha nimjibu. "Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma," alisema, na kwa neno hilo alinifunga.

Imepita zaidi ya miezi miwili. Kwa kuwa swali lake nimelisikia pia kwa wengine, sokoni na hata katika mikutano yetu ya walei, nimeona afadhali jibu langu nilitoe hapa mbele ya wote.

Nianze na jina. Wazazi wetu hapa Kampene hawakusema "serikali" wala "dola". Walisema Leta, neno walilolipokea kwa Kifaransa, l'État, wakalikata kwa kipimo cha ndimi zao. Kabla yake walisema Bula Matari, Mvunja Mawe, jina alilopewa kwanza Stanley na baadaye likahamia kwa utawala mzima wa Wazungu. Mgeni wa pwani akisikia tukisema "Leta imefika", hushangaa, maana kwake neno hilo ni amri: lete hapa. Lugha ilitufanyia mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa wa kweli. Leta ilipofika kijijini ilikuja kuchukua. Ilichukua kodi ya kichwa. Tangu mwaka 1917 iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe kwa siku 60 kila mwaka. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Babu yangu alikuwa akihesabu miaka yake kwa mazao ya lazima: mwaka wa mpunga, mwaka wa mpira. Mgongoni alikuwa na alama za fimbo ya ngozi ya kiboko, nasi wajukuu tulikatazwa kuziuliza.

Basi mtu wa ukoo huo akimsoma Bastiat, humsoma kwa haraka, kama asomaye barua ya ndugu. Bastiat anafundisha kwamba nafsi, uhuru na mali ya mtu vilitangulia kuwepo kabla ya sheria, na kwamba sheria iliwekwa ili kuvilinda. Sheria ikigeuka kuwa chombo cha kumnyang'anya mmoja na kumpa mwingine, anauita huo wizi halali, na anatupa kipimo chepesi cha kuutambua: tazama kama sheria inatenda jambo ambalo raia akilitenda mwenyewe angefungwa. Msomaji mkristo atakumbuka kwamba Mtakatifu Augustino, katika Mji wa Mungu, aliuliza jambo la jirani na hilo: falme zisizo na haki zinatofautiana wapi na magenge makubwa ya wanyang'anyi? Naye akasimulia habari za haramia aliyemjibu Aleksanda Mkuu bila woga kwamba kazi yao ni moja, ila yeye ana merikebu moja tu na mfalme ana kundi zima.

Waliomfuata Bastiat ni wengi. Katika karne iliyopita Friedrich Hayek, mwaka 1944, alionya kwamba serikali inayopanga uchumi wote huishia kupanga na maisha ya watu. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Nozick alifika mbali zaidi: alisema kwamba kumtoza mtu kodi juu ya jasho lake ni jambo la aina moja na kumfanyisha kazi kwa nguvu, na kwamba serikali pekee inayoweza kutetewa ni ile ndogo kabisa, mfano wa mlinzi wa usiku, ambaye kazi yake ni kuzuia ujeuri, wizi na udanganyifu, na kuhakikisha mapatano yanatimizwa. Zaidi ya hapo aende zake. Wenye mawazo haya huitwa walibertari, na kijana wangu, bila kulijua jina, ni mmoja wao.

Mwaka huo wa 1974 unanigusa kwa njia nyingine. Ndio mwaka ambao huku kwetu, nchi ikiitwa Zaire, Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, shule za Kanisa zikatwaliwa na serikali, na misalaba ikateremshwa madarasani. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1972, majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa, na Kardinali Malula, aliyesema neno, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Nilipoingia darasa la kwanza mwaka 1975, jina langu la ubatizo halikuandikwa katika daftari la shule. Mama yangu alilitumia nyumbani tu, kwa sauti ya chini, hasa nilipougua. Hata tai shingoni mwa mwanamume ilikuwa kosa. Somo la dini liliondolewa. Tuliimba na kucheza kumsifu Rais kila asubuhi kabla ya kufungua daftari, na siku ya salongo tulishika majembe. Walibertari wakisema kwamba serikali isiyo na mipaka huingia hadi kitandani mwa mtoto mgonjwa, mimi si mtu wa kubishana nao.

Wala si mambo ya dini peke yake. Tangu Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, na zaidi tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi hii ni mali ya dola. Shamba la mihogo alilolima mama yangu kwa miaka arobaini lilikuwa lake kwa desturi na kwa jasho. Kwa sheria hakuwa na zaidi ya haki ya kulitumia, tena haki isiyo na karatasi. Kilichomo chini ya mihogo, bati au dhahabu, hakikuwa chake hata kwa desturi. Nadhani Bastiat angefika hapo angeweka kalamu chini.

Kijana wangu ana jeraha lake mwenyewe, nalo ni la mwaka 2010. Wengi mnalikumbuka. Tarehe 9 Septemba mwaka huo, Rais Joseph Kabila akiwa Walikale alitangaza kusimamishwa kwa uchimbaji wote wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Nia ilikuwa kuwakatia chakula wenye silaha waliojineemesha kwa madini. Lakini amri haikutofautisha shimo lenye bunduki na shimo lisilo na bunduki. Hapa Kampene soko lilinyamaza kwa juma moja. Waendesha baiskeli waliokuwa wakileta chumvi, sabuni na samaki wakavu hawakuwa tena na sababu ya kuja, maana hawakuwa na cha kubeba kurudi. Katika darasa langu mabenchi mawili ya nyuma yalibaki tupu kabla ya Noeli. Amri iliondolewa tarehe 10 Machi 2011. Wakati huo ng'ambo ya bahari ilikuwa tayari sheria nyingine, iliyotiwa sahihi Marekani Julai 2010, inayoyataka makampuni yaseme kama madini yao yametoka Kongo au kwa majirani zake; wanunuzi wakubwa wakaona ni rahisi zaidi kutonunua kabisa. Baadaye zikaja lebo, na mfuko usio na lebo hauna bei. Baba wa kijana huyu alikuwa mchimbaji. Miezi ile sita iliwapokonya nyumba yao, kwa kuwa waliiuza ili wale. Hakuna aliyekuja kuwauliza kabla, wala kuwaomba radhi baada.

Mpaka hapo ningeweza kumjibu siku ile ile: umesema kweli, tuombe watuache.

Kilichonizuia ni kumbukumbu mbili. Moja ni yetu sote, ya pili ni yangu peke yangu.

Ya kwanza ni vita. Kindu ilipoanguka mikononi mwa waasi Oktoba 1998, Kinshasa ilitutoka kabisa. Kwa takriban miaka mitano hakuna mtoza kodi wa serikali halali aliyefika hapa, wala mkaguzi, wala hakimu. Ikiwa uhuru ni kutokuwepo kwa serikali, basi katika miaka hiyo Kampene ilikuwa huru kuliko mji wowote wa Ulaya. Mnajua tulivyoishi. Kila mwenye bunduki alikuwa na kamba yake njiani na kipimo chake cha mchele. Tulilala msituni na watoto wadogo, tukiwaziba midomo wasikohoe. Waliyotendewa mama zetu na dada zetu sitayaandika katika ukurasa huu. Kila aliyetushika alijiita serikali, na kila mmoja alisema lile neno la zamani: leta.

Hapo ndipo ninapotengana na Nozick, au tuseme ninapotamani angekuja kututembelea. Mlinzi wake wa usiku, yule wa kuzuia ujeuri na wizi na kusimamia mapatano, kwake ni kiwango cha mwisho ambacho serikali haifai kukivuka. Kwetu mlinzi huyo hajafika bado. Tumeijua serikali iliyofanya mengi mno, na tumeujua utupu usiofanya lolote. Huyo wa katikati, anayekesha mlangoni na kuridhika na ujira wake, tumemsoma vitabuni. Ninapoona msomi wa ng'ambo akiihesabu kazi hiyo kuwa ndogo, nadhani hajawahi kulala mahali ambapo haifanywi.

Tunayo pia falsafa yetu wenyewe ya jambo hili, na ni ya mzaha: Ibara ya 15. Inasemwa ilizaliwa Kasai ya Kusini, siku za Kalonji, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kama ibara ya katiba inayomwambia raia ajitafutie mwenyewe. Hakuna mkongomani asiyeijua, na hakuna mji ulioitii kuliko huu. Bei ya bati duniani ilipoanguka Oktoba 1985, makampuni yalipunguza wafanyakazi, kisha yakafa moja baada ya jingine. Tayari mwaka 1982 serikali ilikuwa imeruhusu raia wachimbe dhahabu wenyewe. Baba yangu, aliyekuwa akipokea posho ya kampuni kila juma, alirudi nyumbani na koleo. Nami sitaidharau Ibara ya 15. Ndiyo iliyoweka daraja za miti juu ya vijito ambavyo serikali imevisahau, ndiyo inayotuletea dawa na vitambaa kwa baiskeli. Watu wetu wana akili ya biashara ambayo Hayek angeipenda.

Lakini kumbukumbu yangu ya pili imo ndani ya Ibara hiyo hiyo.

Nilianza kufundisha baada ya kumaliza masomo ya ualimu, wakati mshahara kutoka Kinshasa ulikuwa umekuwa hadithi. Katika miaka ya 1990 wazazi wakaanza kutulipa sisi walimu, ile tuliyoiita prime. Ukiitazama kwa macho ya La Loi, haikuwa na kasoro. Serikali haikuwamo. Mzazi alitaka mtoto wake asome, mwalimu alitaka kula. Walipatana kwa hiari, na asiyetaka hakulazimishwa. Shule nyingi za nchi hii zilisimama kwa njia hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na yeyote anayewalaumu wazazi kwa hilo hajui walichokiokoa. Mimi mwenyewe nililea watoto sita kwa prime.

Kila mwisho wa mwezi mwalimu alisoma majina ya wasiolipiwa, nao walitoka. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Alikuwepo msichana mmoja, wa kwanza darasani kwa hesabu. Baba yake alikuwa amefukiwa na udongo shimoni, na mama yake aliuza majani ya mihogo. Alikuwa na deni la miezi mitatu. Siku hiyo nilikuwa nimemwita ubaoni kufanya hesabu ya kugawanya, na mkuu wa shule akaingia na orodha, akanipa niisome. Nikaisoma. Jina lake lilikuwa la nne. Alimaliza mstari aliokuwa akiuandika, akaweka chaki kwenye ukingo wa ubao, akatoka. Hakulia wala hakuchukua daftari lake. Sikumfuata. Nilijiambia nitakwenda kwao Jumamosi, na Jumamosi ikawa na shughuli nyingine. Nilipomwona tena ulikuwa umepita mwaka mzima: alikuwa kandokando ya mto, pamoja na wanawake wanaotwanga mawe.

Ndugu wapendwa, nimeyarudia matendo yangu ya siku ile kwa kipimo cha Bastiat, na sikupata kosa. Sikumpiga mtu, sikuiba, sikuvunja mapatano. Mama yake alijua masharti. Kila mmoja alikuwa huru. Na hata hivyo, katika maungamo yangu yote ya miaka hii, hilo ndilo jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulitamka.

Baba Mtakatifu Leo XIII aliligusa mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum. Wapenzi wa Bastiat wangeipenda sehemu kubwa ya barua hiyo, maana inasema wazi kwamba mwanadamu na familia yake ni wakubwa kwa umri kuliko dola, na kwamba dola haina ruhusa ya kumeza mali ya mtu. Lakini alipofika kwenye mshahara, Papa huyo alikataa kusema kwamba mapatano ya hiari yanatosha. Mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au kwa kuogopa baya zaidi, anasema, huyo amelazimishwa, ingawa hakuna aliyemshika mkono. Nikiisoma sehemu hiyo namwona yule mjane na majani yake ya mihogo. Najiona pia mimi, mwalimu mwenye watoto sita, nikiisoma orodha kwa sababu bila orodha nisingekula. Sote wawili tulikuwa na uhuru wa aina hiyo.

Septemba 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya umma haina malipo, kama ilivyoandikwa katika ibara ya 43 ya katiba ya mwaka 2006. Msichana yule sasa ni mama, na anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Watoto wake watatu wanasoma bila kulipa. Hakuna hata siku moja aliyonikumbusha ile orodha. Ananisalimu "Mwalimu, shikamoo" na kuinamisha kichwa, nami kila mara hukosa pa kutazama. Je, nitamwambia kwamba fedha zinazowasomesha watoto wake zimetwaliwa kwa nguvu kutoka kwa wengine? Pengine ndivyo ilivyo. Lakini niseme na upande wa pili, maana sipendi kuwaongopea: madarasa yamejaa hata watoto wanakaa chini na madirishani, na wapo walimu wapya wanaofundisha mwaka baada ya mwaka wakingoja kuandikishwa ili walipwe. Mzazi aliyekuwa akilipa prime alikuwa na haki ya kuja kuniuliza kwa nini mtoto hajui kusoma. Sasa anaambiwa aiulize Kinshasa. Kijana wangu ananiambia kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe, na nikiyatazama madarasa yale siwezi kumkanusha kabisa.

Tulikuwa na njia nyingine zamani, na ningependa vijana wetu waifikirie kabla ya kutafuta walimu mbali. Sisi Warega hatukuwa na mfalme. Kabla ya Bula Matari hapakuwa na kiti cha enzi katika msitu huu, wala jeshi, wala gereza. Tulikuwa na Bwami. Msiichanganye na ufalme wa mwami wa majirani zetu wa Kivu. Jina linafanana, jambo ni jingine. Bwami ilikuwa ngazi ya kupanda: mwanamume aliyetahiriwa aliingia chini, kwenye kongabulumbu, na wachache, baada ya maisha marefu, walifika kindi, daraja la juu kabisa. Wake zao nao walikuwa na madaraja yao. Kilichompandisha mtu ni mwenendo wake, ukarimu wake, na jinsi ndugu zake walivyokuwa tayari kumchangia. Elimu ilitolewa kwa methali, kwa ngoma, na kwa vitu vidogo vya pembe na miti. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji aliyeishi kati yetu miaka ya 1950 na kuandika Lega Culture mwaka 1973, aliandika mamia ya methali hizo. Katekista atakwambia kwamba yapo ndani yake ambayo mbatizwa huyaacha, nami nasema hivyo darasani. Lakini watu walikaa kwa amani chini ya wazee wasiokuwa na polisi hata mmoja, na jambo hilo liliiudhi sana serikali ya kikoloni, ambayo mwaka 1948 iliipiga Bwami marufuku.

Nilipomsimulia kijana haya macho yake yaling'aa. "Umeona, Mwalimu! Bila Leta!" Nikamwambia asikilize mpaka mwisho. Babu yangu alichangia kupanda kwa kaka yake: mbuzi, chumvi, nyama ya kukausha, shanga za konokono, msimu baada ya msimu. Asingeweza kukataa. Hakuna ambaye angempiga. Angeishi tu kama mtu asiye na ndugu, na katika msitu huu hayo si maisha. Mzigo ule ulikuwa mzito kuliko kodi nyingi za leo. Mtu mpweke wa Nozick, anayesimama na haki zake na kuamua peke yake atoe au asitoe, hakuwepo Urega. Tofauti yake na Leta, kama babu alivyoieleza, ilikuwa moja: vitu viliwekwa chini mbele ya mkutano, vikahesabiwa, vikagawanywa watu wakiona. Aliyetoa alijua nani amekula.

Tangu hapo swali la kijana limegeuka kidogo kichwani mwangu. Bastiat ananiuliza nani ana haki ya kuchukua. Babu ananiuliza mkono uliochukua ulifunguka wapi. Papa Pius XI, mwaka 1931, alifundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na wadogo, familia, kijiji, chama cha wafanyakazi, wakubwa wasiwanyang'anye. Na nafikiri sababu mojawapo, ingawa yeye hakuiweka hivyo, ni kwamba karibu kuna macho. Kampene haiwezi kuyaona mahesabu ya Kinshasa. Lakini Kampene ingeweza kuyaona mahesabu ya barabara yake yenyewe, kama yangewekwa chini mbele ya watu.

Na kuhusu maombi ya waamini: nilimwonyesha kijana barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya pili, ambapo Mtume Paulo anaagiza kuwaombea wafalme. Sababu anayoitoa ni fupi. Anataka tuishi kwa utulivu na amani, tukimcha Mungu. Hakumwomba Kaisari shule wala zahanati. Kijana alisema kwamba basi Paulo naye alitaka mlinzi wa usiku tu. Nikamjibu kwamba Paulo aliandika chini ya Kaisari ambaye hakuwa na namna ya kumchagua wala kumhesabia, na sisi katiba yetu inatupa kura. Akasema kura hana imani nayo. Hapo hatukupatana, na bado hatujapatana.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Kindu kwa semina, naye alikuwa akipeleka mifuko, akanipakia nyuma ya pikipiki. Njiani kulikuwa na bariere: mwanzi umelazwa juu ya magogo mawili, na vijana watatu chini ya turubai. Kijana wangu alitoa noti bila hata kuzima injini. Mimi nikashuka. Nikaomba risiti. Walisema kitabu cha risiti kimekwisha. Nikasema nitangoja kije kingine, nikakaa juu ya gogo, nikatoa rozari. Pikipiki zikapita, noti zikapita. Baada ya kama saa nzima, mkubwa wao, ambaye kwa sura yake angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alichana karatasi ya daftari akaandika: tumepokea faranga elfu mbili, ushuru wa barabara, tarehe, sahihi. Nilimwomba aandike pia ni wa barabara gani. Akafikiri kidogo, akaandika.

"Mwalimu," alisema kijana tulipoondoka, "umepoteza saa nzima kwa faranga elfu mbili."

Sikumjibu, kwa kuwa kulikuwa na matope mengi mbele na alihitaji kutazama njia. Usiku, Kindu, aliniomba aione ile karatasi. Aliisoma mara mbili karibu na taa. Nimeiweka ndani ya La Loi, kwenye ukurasa wa wizi halali, na Jumapili hii namrudishia kitabu chake.